Vanishi ya UV si kinga ya jua

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie neno moja ambalo siku hizi linasikika kwenye karakana za fenicha na maduka ya rangi hapa Tanga, nalo ni "UV". Mteja anaambiwa mlango wake umepigwa UV, anaongeza pesa, anaondoka akiamini amepata kitu kisichoogopa jua. Kama mlango ni wa chumbani, imani hiyo haitamgharimu kitu. Kama ni mlango unaotazama bahari, au meza ya barazani, amelipia kinga ambayo huenda haimo kabisa ndani ya kopo.

UV ni mionzi ya urujuanimno, mwanga ulio ng'ambo ya zambarau ambao macho hayauoni. Juu ya kopo la vanishi herufi hizo mbili zinaweza kumaanisha mambo mawili mbalimbali. Yaweza kuwa vanishi imetiwa dawa ya kuhimili jua. Au yaweza kuwa inakaushwa kwa taa ya mionzi hiyo, na kuhusu jua la nje haijaahidi lolote. Barua hii ni juu ya hiyo ya pili, hasa ya jamii ya poliyurethani, ambayo ni aina ya plastiki. Kwa sakafu na meza za ndani hatujui vanishi inayoizidi, ndiyo maana inatuuma kuiona ikiuzwa kwa sifa isiyo yake na kupakwa kwa namna inayoiharibu.

Wengi wameshaiona bila kuitambua. Jeli ya kucha inayogandishwa kwenye kitaa kidogo cha saluni ni ndugu yake wa damu. Kijazio cheupe cha jino, ambacho daktari hukigandisha kwa taa ya bluu, nacho mara nyingi kina urethani ya ukoo huohuo. Ndani ya kopo mna ute mzito, yaani minyororo mifupi ya urethani ambayo kila ncha yake imefungiwa akrileti, kikundi cha kemikali kinachoungana na wenzake. Mna monoma, kiowevu chepesi kinacholainisha ute upakike; hiki hakiruki hewani kama thina, kinagandana pamoja na ute na kubaki humo. Mna kianzishi, kemikali inayopasuka ikipigwa na mwanga na kuwasha kuungana kwa minyororo hiyo. Halafu viungo vidogo: unga wa silika wa kupunguza mng'ao, unga wa alumina kwa ajili ya sakafu, dawa ya kulaza uso. Tunasema "kukauka" kwa mazoea tu, maana hakuna kinachotoka. Kilichopakwa karibu chote kinabaki juu ya ubao.

Poliyurethani yenyewe si ngeni. Otto Bayer na wenzake waliivumbua Ujerumani mwaka 1937, na ile ya makopo mawili, klia na hadina inayoigandisha, mafundi wetu wanaipaka kila siku. Adha yake ya pwani wanaijua pia. Hadina ni kemikali iitwayo isosayaneti, na isosayaneti inaungana na maji kama inavyoungana na klia. Mwezi wa Aprili hewa ya Tanga imeshiba mvuke. Mvuke ukiingia kwenye vanishi mbichi hutoka gesi ya kaboni dioksaidi, na uso unajaa vipovu kama chunusi. Vanishi ya UV iliyotengenezwa sawasawa haina tatizo hilo, kwa sababu isosayaneti yake imeshaungana kiwandani wakati ute unatengenezwa. Ubao unatoka chini ya taa ukiwa tayari kupigwa msasa na kupangwa juu ya mwenzake. Hakuna kulaza kazi usiku kucha huku vumbi na wadudu wakitua juu yake.

Uimara wake nao una chanzo. Vikundi vya urethani vinashikana kwa vifungo vya haidrojeni, vifungo vyepesi vinavyoachia mkwaruzo unapopita na kushikana tena baada yake. Hapo ndipo unapotoka ule uvumilivu wa kusuguliwa. Lakini ute una aina nyingi. Wenye ncha mbili za akrileti unatoa ngozi inayopindika. Wenye ncha sita unatoa ngozi ngumu kama sahani, haichuniki kwa ukucha lakini ubao ukicheza inapasuka. Kwa meza ya mkahawa tunapendelea mchanganyiko unaoegemea ugumu. Kwa sakafu inayobonyea ikikanyagwa, tunapendelea wa katikati. Kisha kuna suala la rangi: urethani itokanayo na isosayaneti za aromatiki, kama TDI na MDI, hugeuka manjano ikipata mwanga wa jua, itokanayo na za alifatiki, kama HDI na IPDI, haigeuki hivyo. Ya kwanza ina bei nafuu. Anayenunua vanishi kwa kabati jeupe na asiulize neno "alifatiki" ajue kabati lake linaweza kuwa na rangi ya siagi.

Kipimo cha kupaka ni kidogo kuliko mkono wetu ulivyozoea. Kwa kuwa hakuna thina, gramu 20 kwa mita moja ya mraba zinaacha ngozi ya mikroni 18 hivi, yaani sehemu 18 za elfu za milimita. Vanishi ambayo nusu yake ni thina ingeacha nusu ya hiyo. Kwa meza tunashauri hivi: ubao upigwe msasa namba 180 kisha 220, ufutwe vumbi lote, upakwe gramu 15 hadi 20 kwa rola, upite chini ya taa kwa nguvu ndogo ili vanishi igande nusu tu, yaani kidole kikigusa kiache alama hafifu bila kunata. Mkono wa pili, yaani tabaka la pili, upakwe hapohapo, maana ngozi iliyoganda nusu bado ina akrileti huru za kushikana na mkono unaofuata. Huu wa pili ugandishwe kabisa, upigwe msasa 320 mpaka uso wote uwe na ukungu sawasawa bila kidoa kinachong'aa, kisha mkono wa mwisho wa gramu 8 hadi 12 kwa nguvu yote ya taa. Anayeruka msasa juu ya ngozi iliyokwisha kuganda atabandua mkono wa mwisho kama ganda la kitunguu. Hakuna thina inayoweza kuilainisha ngozi hiyo ikaukubali mkono mpya. Kinachobaki ni mikwaruzo ya msasa peke yake. Kwa sababu hiyohiyo, kukarabati meza iliyochunika ukiwa nyumbani kwa mteja ni kazi ngumu, na fundi amwambie mteja mapema.

Sasa taa, na hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa hasara nyingi zinaanzia hapa. Mwanga unapimwa kwa namna mbili. Kuna ukali, unaohesabiwa kwa miliwati kwa sentimita ya mraba, na kuna dozi, inayohesabiwa kwa milijuli. Dozi ni ukali mara sekunde. Taa ya miliwati 300 ikimulika kwa sekunde 2 inatoa milijuli 600. Karatasi ya maelezo ya vanishi itataja dozi, na fundi atasema moyoni: basi nitaanika juani. Hesabu inaonekana kumkubalia. Jua la mchana mweupe katika pwani yetu lina UV ya karibu miliwati 5 kwa sentimita ya mraba, kwa hiyo milijuli 600 zingepatikana kwa dakika mbili. Lakini ubao unatoka ukiwa mgumu chini na unanata juu.

Kinachoufanya unate juu ni oksijeni. Viini vinavyowashwa na mwanga, yaani vipande vya kianzishi kilichopasuka, vinapokutana na oksijeni ya hewa vinazimwa kabla havijaunganisha chochote. Mwanga ukiwa mkali, viini vinazaliwa kwa wingi na kwa kasi kuliko oksijeni inavyoweza kuingia, na uso unaganda. Mwanga ukiwa hafifu, oksijeni inapata muda wa kuingia tena na tena. Dada wa saluni analijua hili kwa mikono yake: jeli ya kucha ikitoka kwenye taa huwa na utando unaonata ambao anaufuta kwa spiriti. Ukucha unafutika kwa sekunde tano, meza ya watu wanane haifutiki. Viwanda hutumia taa kali zaidi, huongeza kemikali iitwayo amini, inayoimeza oksijeni, kwenye vanishi ya mkono wa juu, au hupuliza naitrojeni chini ya taa. Kwa kipande kidogo, unaweza kulaza karatasi angavu ya plastiki ya poliesta juu ya vanishi mbichi, uitoe hewa kwa rola, umulike kwa taa ya mawimbi marefu kupitia humo, kisha ubandue. Uso utafuata sura ya plastiki, hivyo iwe haina mikunjo.

Ukali na dozi vikishapatikana, kuna urefu wa mawimbi. Taa ya zebaki inatoa mwanga wa nanomita 254, 313, 365 na mingine. Mawimbi mafupi yanaishia juu na ndiyo yanayogandisha uso. Marefu yanazama mpaka kwenye ubao. Taa ya LED inatoa wimbi moja tu, 365, 385, 395 au 405. Vanishi yenye kianzishi cha taa ya zebaki ukiiweka chini ya LED ya 395 inaweza kukaa kama uji mchana kutwa, na fundi atalaumu vanishi. Kianzishi na taa lazima vilingane, na namba hizo ziombwe dukani kabla pesa haijatoka mfukoni. Tumeona watu wakinunua LED kwa kutazama wati za umeme zilizoandikwa ubavuni. Wati hizo ni za umeme unaoingia, hazikuambii mwanga unaofika kwenye ubao.

Taa ya zebaki ina hila nyingine. Ikishapita saa 1,000 au 1,500 za kazi, UV yake inapungua sana huku bado inawaka na kung'aa machoni kama siku ya kwanza. Kioo chake cha nyuma kikishika vumbi la msasa, mwanga unapotea zaidi. Kila taa iandikiwe saa zake kwenye daftari, na kioo kifutwe kwa kitambaa na spiriti taa ikiwa imepoa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, taa hiyo haiwaki tena mpaka ipoe, kisha inahitaji dakika kadhaa kurudi kwenye nguvu yake. Mbao zilizobaki kwenye mkanda unaozipitisha chini ya taa wakati huo zihesabiwe kuwa mbichi, zirudishwe mwanzo. LED inawaka na kuzimika papo hapo, na katika mji ambao umeme unakatika hiyo ni faida kubwa kuliko inavyoelezwa dukani.

Mwanga unakwenda mstari ulionyooka. Ubao bapa haujali, lakini mlango wa nakshi wa Bagamoyo au wa mtaa wa kale wa hapa Tanga, wenye maua yaliyochongwa sentimita mbili kwenda ndani, una vivuli kila upande. Kwenye vivuli vanishi inabaki mbichi, na ubichi huo hautakauka kesho wala mwaka ujao. Utakuwa unanata, unakusanya vumbi, na kuwasha ngozi ya atakayeugusa. Zipo vanishi zenye njia mbili, zinazogandishwa na mwanga halafu hadina inamalizia kwenye vivuli, ila ukizitumia umerudi kwenye isosayaneti na mvuke wa Aprili. Kwa milango ya nakshi sisi hatuioni sababu ya kuitafuta taa.

Rangi nzito zina shida ya aina yake. Taitani daioksaidi, unga unaoipa rangi nyeupe weupe wake, hunyonya karibu UV yote iliyo chini ya nanomita 380 hivi. Ukipaka nene, juu kunaganda, chini kunabaki maji, na uso unajikunja kama ngozi ya maziwa ya moto. Nyeupe ipakwe mikroni 15 hadi 20 kwa mkono mmoja, iwe na kianzishi cha mawimbi marefu, na imulikwe kwa taa ya 395 au 405. Nyeusi ni hivyohivyo.

Tuje kwenye mbao zetu wenyewe. Mkoa huu una shamba kubwa la mitiki la Longuza, Muheza, na mtiki, au msaji kama wengine wanavyouita, ndio mti unaotakiwa na hoteli. Ndio pia unaoisumbua vanishi hii. Mtiki una mafuta yanayozuia kushika, na una kemikali za asili za jamii ya kwinoni ambazo kazi yake ni kuzima vile viini vinavyowashwa na mwanga, kama oksijeni inavyofanya, ila hizi zinashambulia kutokea chini. Ngozi inaonekana imara siku ya kwanza, kisha inaanza kuachia kwenye mistari ya rangi nzito. Mvule nao una tabia ya kuzuia vanishi kukauka. Dawa tunayoiamini ni kuutenga ubao: piga msasa, futa kwa asetoni na kitambaa safi mpaka kitambaa kisichukue rangi tena, na ndani ya nusu saa paka sila, yaani vanishi ya kuziba ubao, ya poliyurethani ya makopo mawili, mkono mwembamba. Acha usiku mzima, piga msasa 320, ndipo upake vanishi ya UV. Ukichelewa baada ya kufuta, mafuta yanapanda tena juu. Fundi atalalamika kwamba tumemrudisha kwenye hadina aliyoikimbia. Ni kweli, kwa mkono mmoja, na kwa mtiki hatujaona njia ya mkato inayodumu.

Halafu maji ya ubao. Katika hewa ya pwani yetu ubao uliokaa kivulini unatulia kwenye unyevu wa asilimia 14 au 15. Upeleke chumba cha hoteli chenye kiyoyozi, utashuka hadi 9 au 10, na kipande cha mtiki chenye upana wa sentimita 10 kinaweza kusinyaa karibu milimita nzima. Vanishi ya UV haifuati mchezo huo. Yenyewe inapoganda inasinyaa, akrileti nyingi kwa asilimia 5 hadi 10 ya ujazo, na inabaki imejivuta juu ya ubao. Ubao ukisinyaa chini yake, maungio yanafunguka na ngozi inapasuka kwenye mstari wa gundi. Basi kabla ya kupaka, pima kwa kipima unyevu cha sindano, na kama kazi inakwenda chumba cha kiyoyozi, kausha mbao mpaka 10 hadi 12. Kosa hili vanishi hubebeshwa bure.

Tumefika nje. Wazee wa Tanga na Bagamoyo walipaka majahazi sifa, yaani mafuta ya papa, na chini ya maji wakapaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, wakirudia kila chombo kinapopandishwa pwani. Walikuwa na akili ya kutumia kitu kinachoweza kurudiwa. Vanishi angavu ngumu haina huruma hiyo. Mwanga wa jua unaipenya, unafika kwenye ubao, unavunja lignini ambayo ndiyo gundi ya asili ya mti. Tabaka la juu la ubao linalegea, na vanishi, hata ikiwa yenyewe ni nzima, inakosa kitu cha kushikilia. Inavuka kama ngozi ya aliyeungua. Maji ya mvua yakiingia kwa kichwa cha ubao yananaswa chini yake, na doa jeusi linafuata. Zaidi ya hapo, kianzishi kilichobaki bila kutumika huendelea kupokea mwanga na kinaweza kuleta umanjano.

Kuna vanishi za taa zilizotengenezwa kwa ajili ya nje, na ni haki kuzitaja. Zina urethani ya alifatiki, dawa ya kunyonya UV na dawa nyingine ya kuzima viini vinavyozaliwa na jua. Ugumu wa kuzitengeneza ni kwamba dawa ya kunyonya UV inamnyang'anya kianzishi mwanga wake, kwa hiyo hutumiwa kianzishi cha mawimbi marefu ambayo ile dawa inayaachia. Ni kazi ya kiwanda chenye vipimo, na kopo lake litasema waziwazi kuwa ni la nje. Kopo lililoandikwa UV tu si hilo. Kwa mlango wa baharini, ushauri wetu ni mafuta ya mbao yenye rangi kidogo ndani yake, yanayopakwa upya kila mwaka kwa kitambaa, bila kukwangua.

Kuhusu afya tutasema yanayotakiwa kufuatwa. Akrileti mbichi huweza kuifanya ngozi iwe na mzio, na mzio huo ukishaingia haukuachi. Tone moja miaka kumi baadaye linatosha kuvimbisha mikono. Vaa glovu za naitraili, badilisha zikishika vanishi, na ikikugusa osha kwa sabuni na maji. Usifute kwa thina, thina inaisaidia kupenya. Mwanga wenyewe unaunguza macho kama ule wa kuchomelea vyuma, na maumivu kama ya mchanga machoni huja saa kadhaa baadaye, usiku. Taa iwe ndani ya kasha, na anayechungulia avae miwani ya kuzuia UV. Taa ya zebaki hutoa pia ozoni, ile harufu kali ya radi, kwa hiyo iwe na feni inayotoa hewa nje, na ikivunjika zebaki yake isifagiliwe kwa ufagio wala kutupwa jalalani. Vumbi la msasa juu ya vanishi isiyoganda vizuri ni vanishi mbichi inayovutwa puani.

Kuhifadhi kwake kuna jambo moja linalowashangaza hata wauza rangi. Dawa inayoizuia vanishi hii isigande yenyewe ndani ya kopo inahitaji oksijeni ili ifanye kazi. Kwa hiyo usijaze ndoo mpaka juu. Acha nafasi ya hewa. Kopo liwe la plastiki nyeusi au lililopakwa ndani, lisiguswe na shaba wala chuma chenye kutu, na likae mahali pasipozidi nyuzi 30. Stoo ya mabati mwezi wa Februari inapita hapo bila shida, na ndoo iliyoganda kama jiwe haina dawa. Trei yenye vanishi isiachwe karibu na dirisha.

Bakuli, miiko na mbao za kukatia zinazouzwa kwa wageni zisipakwe vanishi hii isipokuwa imethibitishwa kwa chakula. Mwaka 2005 huko Italia maziwa ya watoto yaliondolewa sokoni baada ya kukutwa na ITX, kianzishi kilichotoka kwenye wino wa UV uliochapishwa nje ya pakiti. Kama kilifika kwenye maziwa kutoka nje ya boksi, kwenye bakuli lililopakwa ndani kina safari fupi zaidi.

Mteja hahitaji maabara kuipima kazi aliyolipia. Aombe kipande cha majaribio kilichopakwa siku hiyohiyo na vanishi hiyohiyo. Akandamize dole gumba kwa nguvu na kulizungusha. Alama ikibaki, haijaganda. Aloweshe pamba kwa asetoni, asugue mahali pamoja kwenda na kurudi mara 50. Ngozi ikilainika au mng'ao ukifa, haijaganda. Achukue pamanganeti ya potasiamu kutoka duka la dawa, gramu moja kwa mililita 100 za maji, aweke tone juu ya kipande hicho na tone jingine juu ya kipande kinachojulikana kuwa kizuri, asubiri dakika tano, afute vyote viwili. Doa la kahawia likiwa zito zaidi kwenye kipande chake, kuna akrileti ambazo hazijaungana. Mwisho, kwa wembe mpya akate mistari sita, milimita 2 kutoka mmoja hadi mwingine, kisha sita mingine kuikatiza, abandike selotepu, aivute kwa mkupuo. Kingo zikibaki safi na hakuna mraba uliotoka, vanishi imeshika. Miraba ikitoka na unga wa mbao umeng'ang'ania nyuma yake, kosa ni la ubao. Ikitoka misafi, kosa ni la msasa, mafuta au mwanga.

Tunayoyaomba ni machache, Mhariri. Wauzaji waandike kwa Kiswahili juu ya kopo: ya ndani au ya nje, alifatiki au aromatiki, dozi ya milijuli, urefu wa mawimbi ya taa, na tarehe ya kutengenezwa. TBS, shirika la viwango, ndiyo yenye sauti ya kulisimamia hilo. VETA, wa mafunzo ya ufundi, na SIDO, wa viwanda vidogo, hapa Tanga tunawaomba wanunue kipima mwanga kimoja, kinachosoma miliwati na milijuli pamoja, na kukiazimisha kwa karakana. Chombo hicho ni kidogo, kinapitishwa juu ya mkanda chini ya taa kama kipande cha ubao na kutoa namba zake hapohapo. Karakana moja haikihitaji kila siku. Ikikipata mara moja kwa wiki, ikaandika namba kwenye daftari la taa, itajua taa imechoka kabla meza haijarudishwa na mteja.

Ndimi wasomaji wenu,
Mafundi wa kumalizia mbao,
Ngamiani, Tanga.